Ruta ya nyumbani hapa Unguja: tuangalie kuta, umeme na chumvi kabla ya bei



Maombi ya intaneti ya nyumbani yameongezeka katika mafaili ya ofisi yetu. Zamani kamati ziliomba kompyuta moja kwa ajili ya ofisi ya usharika. Sasa zinaombea kaya: mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria anayesomea nyumbani, mama anayepokea oda za mikoba ya ukili kwa simu, mwalimu anayeandaa vipindi usiku, mzee anayezungumza na watoto wake walioko Muscat au Uingereza. Katika barua nyingi swali linalorudi ni moja: ruta ipi ni nzuri na haina gharama kubwa? Tumeona vyema tulijibu kwa kirefu, maana fedha zinazotumika ni sadaka za watu, na jibu linalofaa Unguja halimo kwenye maandishi ya boksi.

Kwa wale wasioifahamu, ruta ni kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka kwa kampuni, ama kwa waya wa faiba, ama kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani yake, kisha kinaigawa kwa simu na kompyuta za nyumbani bila waya. Kugawa huko bila waya ndiko kunakoitwa waifai. Kwa hiyo kuna kazi mbili ndani ya kisanduku kimoja, kupokea na kugawa, na kaya nyingi zinazolalamika kwamba "mtandao haufai" zina tatizo katika kazi moja tu. Kamati ikishajua ni ipi, imeokoa nusu ya bajeti.

Jambo la kwanza, kabla hata ya kwenda dukani, ni kuiuliza kampuni itakayoleta intaneti inatoa kifaa gani. Anayeungwa kwa faiba kwa kawaida hupewa kisanduku ambacho tayari kina waifai ndani yake. Kumnunulia ruta nyingine kamili ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Kama kisanduku hicho hakifikishi mawimbi chumba cha nyuma, kinachohitajika ni kifaa kidogo cha kugawa tu, na tutakieleza hapa chini.

Kuta za Mji Mkongwe

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na sababu moja ni zile nyumba zake za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Kuta zake zina unene wa nusu mita, na mahali pengine zaidi. Dari zake ni boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa, wala si mbao nyepesi. Ni nyumba zenye ubaridi mzuri mchana wa jua kali, lakini kwa mawimbi ya waifai ni kama ngome. Ukuta mmoja unaweza kubakiza mawimbi hafifu, na ukuta wa pili ukayamaliza. Wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa chokaa hunyonya maji na ukuta wenye maji humeza mawimbi kuliko ukuta mkavu.

Maboksi ya ruta yanapoandika kwamba kifaa kinatosha "nyumba ya vyumba vinne", aliyeandika alikuwa na picha ya nyumba za Ulaya au Marekani zenye kuta za ndani za mbao na jasi. Hakuwahi kupita Hurumzi wala Kiponda. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu tumeona kamati zikipandisha bajeti ili kununua ruta yenye antena sita, zikiamini kuwa wingi wa antena utatoboa ukuta. Hautatoboa. Nguvu ya kutuma mawimbi imewekewa kikomo na sheria katika kila nchi, na ruta ya bei ghali haina ruhusa ya kupiga kelele kuliko ya bei nafuu. Hata ingekuwa nayo, simu ya mkononi nayo lazima ijibu, na sauti ya simu ni ndogo.

Kinachosaidia ni kuisoma nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina ua wa ndani, uwazi unaopanda kutoka chini hadi paani, na vyumba vyote hufungua milango na madirisha kuuelekea. Mawimbi hupita kwenye uwazi kama sauti ya mtu anayeita kutoka orofani. Ruta ikiwekwa orofa ya kati, kwenye veranda inayotazama ua, inaweza kuhudumia orofa tatu, wakati ruta hiyohiyo ikiwekwa sebuleni upande wa barabara huhudumia sebule na watu waliokaa barazani nje, ambao hawalipi bili. Kabla ya kununua chochote cha ziada, tafuta waya mrefu zaidi, hamisha ruta, na upime tena kwa simu katika kila chumba.

Ikishindikana, pitisha waya wa mtandao, ule wenye vichwa vya plastiki vinavyofanana na cha simu ya mezani, kutoka kwenye ruta hadi upande wa pili wa nyumba, na uweke pale kituo kidogo cha pili cha waifai. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba yoyote ya mjini. Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, na ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kile kifaa kinachochomekwa kwenye soketi, ambacho mafundi hukiita ekstenda, ni njia ya pili kwa ubora: kinapokea na kurudisha kwa mawimbi yaleyale, hivyo aina ya bei nafuu hupunguza kasi karibu nusu, na kikiwekwa nyuma ya ukuta mnene hakina cha kurudisha. Seti mpya za visanduku viwili au vitatu vinavyosemezana bila waya nazo hukutana na ukuta uleule, isipokuwa zikiunganishwa kwa waya.

Katika kupitisha waya, tunaziomba kamati zisiruhusu fundi atoboe kuta ovyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauvumilii dirili ya nguvu, na kila tundu la nje ni mlango wa maji. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu kupoteza maisha. Hatusemi kwamba waya wa intaneti huangusha nyumba, bali nyumba hizi ni wazee, na mzee hushikwa kwa adabu. Tumia ngazi, madirisha na matundu yaliyopo. Kitu chochote kitakachoonekana nje, kama antena au bomba la nyaya, kiulizwe kwanza kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Ng'ambo na mashamba

Ukivuka Darajani kwenda Ng'ambo mambo hubadilika. Nyumba za matofali ya saruji zina kuta nyembamba zaidi, na ruta moja ya kawaida iliyowekwa katikati hutosha. Majumba ya Michenzani, yaliyobuniwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ni ya zege lenye nondo, na nondo ni adui mwingine wa mawimbi, ila ukubwa wa kila makazi ni mdogo na tatizo si kubwa. Tatizo la pale ni wingi wa ruta za majirani zinazogombania njia moja. Fundi abadilishe njia ya masafa: katika masafa ya gigahezi 2.4, njia za 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Ni kazi ya dakika tano, na haihitaji kununua kitu.

Upande wa mashamba na pwani ya mashariki, kama vile Paje, Jambiani na Makunduchi, kaya nyingi zitategemea ruta ya laini ya simu. Hapa kazi ngumu ni kupokea kutoka mnarani. Kugawa ndani si shida. Ruta isiwekwe chini ya meza. Iwekwe dirishani, juu, upande unaoelekea mnara, na mbali na minazi minene kadiri inavyowezekana. Paa la makuti hupitisha mawimbi vizuri, lakini bati huyazuia. Nyumba ya bati inahitaji ruta yenye matundu ya kuunganishia antena ya nje, na tundu hilo ni la thamani kuliko maandishi mengine yote ya boksi. Kabla ya kuchagua kampuni, jaribuni laini za kampuni zote kwa simu ya kawaida ndani ya nyumba hiyohiyo, asubuhi na tena saa mbili usiku, kwa siku mbili tatu. Jirani aliye mita 200 si kipimo. Aidha, hakikisheni ruta haijafungwa kwa laini za kampuni moja, ili huduma ikizorota muweze kuhama.

Umeme, ambao ndio muuaji

Tukiulizwa ni nini hasa huua ruta Unguja, tunajibu: umeme. Umeme wetu unatoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Waliokuwapo hawajasahau giza la mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, wala lile la takribani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia mfuko wa MCC, ulizinduliwa mwaka 2013, na hali imekuwa afadhali sana. Hata hivyo kukatika kwa saa moja au mbili kunaendelea, na umeme unapokatika ruta haipati madhara. Madhara huja unaporudi, kwa mruko wa volti ambao adapta ndogo haiwezi kuuhimili. Mara nyingi kinachokufa ni adapta peke yake, na ruta nzima hutupwa bure. Tunaziomba kamati zijaribu adapta nyingine yenye volti ileile, na ampea sawa au zaidi, kabla ya kutangaza msiba.

Hivyo basi, katika kila ombi tunataka kuona kinga ya umeme imewekewa fedha. Kwa kaya ya kawaida tunapendekeza kile kisanduku kidogo chenye betri ndani, kinachokaa kati ya soketi na ruta na kutoa volti 9 au 12 kama adapta inavyotoa. Ruta nyingi hutumia wati 6 hadi 10 tu, chini ya taa nyingi za ukumbini. Kwa kuwa matumizi ni madogo, hesabu yake ni rahisi: betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Tukiepuka kuishusha chini ya nusu ili idumu, tunabakiwa na 42, na ruta ya wati 6 itafanya kazi saa 7. Mwanafunzi anamaliza jioni yake.

Onyo moja kwa mafundi wanaopenda njia za mkato: betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Ruta iliyoandikwa volti 12 kamili inaweza kuungua ikifungwa moja kwa moja kwenye betri au sola, hivyo iwekewe kidhibiti cha volti. Baadhi ya modeli hupokea volti za aina nyingi tangu kiwandani, kwa mfano hAP ac² ya MikroTik, ambayo imeandikwa volti 12 hadi 30. Kwa nyumba zinazotumia sola hiyo ni sifa ya kutafutwa kwa makusudi.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari huleta unyevu wenye chumvi, nao hula vichwa vya nyaya na matundu ya chuma. Ruta iwe ukutani au kwenye rafu, si dirishani penye upepo wa moja kwa moja, na isifungiwe kabatini, kwa kuwa joto nalo linaua. Mwenye nyumba ya pwani anayelazimika kuiweka dirishani kwa ajili ya mnara achague dirisha la upande usiopigwa na upepo, au aache kioo kimefungwa.

Namba za kwenye boksi

Hapa tutapita haraka. Herufi na namba kama AC1200 ni jumla ya kasi za masafa mawili zilizopimwa maabara, 300 na 867, zikakadiriwa juu. Hakuna simu inayopata zote mbili kwa wakati mmoja, na kama kaya inalipia megabiti 10 kwa sekunde, itapata 10. Masafa ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini hushindwa na kuta, na yale ya 2.4 ni ya polepole lakini hupenya zaidi. Nunueni yenye yote mawili. Kizazi kilichoandikwa Wi-Fi 5 kinatosha kaya, na Wi-Fi 6 ni nzuri kama tofauti ya bei ni ndogo. Kinachoandikwa Wi-Fi 4 pekee tusikinunue tena kikiwa kipya.

Kuhusu jina la kampuni, hatuna la kulipigia debe. TP-Link, Huawei na ZTE ni majina yanayofahamika sana, na MikroTik hupendwa na mafundi lakini humtesa asiye fundi. Tunauliza maswali mawili. Je, kuna fundi Unguja anayeifahamu, na adapta yake inapatikana dukani bila kuvuka bahari? Je, mtengenezaji bado anatoa masahihisho ya programu yake? Ruta isiyopata masahihisho ni kama mlango uliooza bawaba. Mwezi Mei 2018 watafiti walitangaza kirusi kilichoitwa VPNFilter ambacho kilikuwa kimeingia katika ruta na vifaa vya aina hiyo zaidi ya 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vikiwemo vya kampuni zenye sifa nzuri.

Kwa sababu hiyo siku ya kufunga ruta kuna mambo ya lazima, nayo hayana gharama. Neno la siri la kiwandani, ambalo mara nyingi ni "admin", libadilishwe. Uingereza imeona hili ni zito kiasi kwamba sheria yake iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inakataza kuuza vifaa vya aina hii vyenye neno la siri jepesi la kufanana. Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP ulijulikana kuwa dhaifu tangu mwaka 2001 na usitumike kabisa. Masahihisho ya programu yapakuliwe siku hiyohiyo. Kama kaya inapenda kuwapa majirani, na wengi wetu tunapenda, iwashe mtandao wa wageni wenye neno lake la siri na kikomo chake, ili bando la mwezi lisiishie barazani ndani ya wiki moja.

Kabla ya kuilaumu ruta, jaribuni kompyuta kwa waya, kisha muulizeni jirani anayetumia kampuni nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika na Tanzania pamoja na nchi jirani zikakosa intaneti au zikabaki na kidogo. Siku kama hiyo hakuna ruta ya bei yoyote itakayosaidia.

Ombi kwa wafadhili

Tunajua ni kwa upendo baadhi yenu mnapendekeza kukusanya ruta zilizotumika katika sharika zenu za ng'ambo ya bahari na kuzituma. Tunawaomba msifanye hivyo. Nyingi zilitengenezwa kwa laini za simu za waya wa shaba na hazina tundu la faiba wala la laini ya simu ya mkononi. Nyingine zimefungwa na kampuni zilizozitoa, na ruta za laini kutoka Marekani mara nyingi hazipokei masafa yote ya minara yetu. Karibu zote zimeshaachwa na watengenezaji wake bila masahihisho. Zaidi ya hayo, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuwa vya aina iliyoidhinishwa na TCRA, na boksi la mchanganyiko hutupa kazi bandarini isiyolingana na thamani yake. Fedha ya kununulia ruta moja hapahapa, yenye risiti na dhamana ya mwaka mmoja kutoka duka tunaloweza kulifikia kwa miguu, ni bora kuliko ruta kumi za namna hiyo.

Pia tunawaomba mtazame ada ya mwezi zaidi ya kisanduku. Ruta hununuliwa mara moja, lakini bando hulipwa mara 36 katika miaka mitatu. Kaya iliyopewa ruta nzuri bila mpango wa kulipia bando imepewa pambo la rafu. Tumekubaliana ofisini kwamba kaya ichangie sehemu ya ada tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni ndogo, na kamati ieleze sehemu iliyobaki itatoka wapi na hadi lini.

Maombi ya robo ijayo yaambatane na karatasi moja yenye mchoro wa nyumba uliochorwa kwa mkono, ukionesha kuta, ua, soketi na mahali ruta itakapokaa, pamoja na matokeo ya kupima laini asubuhi na usiku. Bei ziandikwe kutoka maduka mawili, na adapta ya akiba na kinga ya umeme ziwe mistari miwili inayojitegemea katika bajeti. Ombi lisilo na mistari hiyo miwili tutalirudisha kwa kamati likakamilishwe.